Risiti Inayomsubiri Mteja wa Pili

"Shikamoo mtaalamu. Nimeandika programu ya Python kwa duka la vifaa vya umeme la mjomba wangu, Kariakoo. Thredi saba, yaani njia za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, zinapokea oda kutoka kwenye simu za wauzaji, na thredi moja inachapisha risiti. Inakaa kwenye kompyuta ndogo ya Linux. Karibu siku nzima mambo yanakwenda vizuri, ila mara mbili tatu kwa wiki, hasa saa tano hadi saa saba mchana duka likijaa, risiti ya mteja haitoki. Mteja anabaki amesimama kaunta. Mteja mwingine akinunua, zinatoka risiti mbili kwa mpigo. Nikiangalia kwa amri ya top, thredi ile ina herufi S, yaani imelala. Rafiki yangu anasema kerneli, yaani sehemu ya ndani kabisa ya Linux inayogawa kazi, imeisahau, nisiiruhusu kulala, izunguke tu ikiangalia orodha. Nilipofanya hivyo feni ilianza kuunguruma na simu za wauzaji zikawa nzito. Mwingine ameniambia niweke time.sleep(0.01). Halafu kuna jambo la pili: saa nane usiku bakapu ikienda kwenye diski ya mtandao, wastani wa mzigo unapanda hadi 9 na prosesa haina kazi yoyote. Prosesi ya bakapu, yaani programu yenyewe ikiwa kazini, ina herufi D, na amri ya kuua, kill -9, haiiui. Je, Linux ina hitilafu ya kuamsha? Msimbo wangu nimeuambatisha. Pia, mara moja programu ilikufa kwa kosa la kuchomoa kitu kwenye orodha tupu."

Marahaba, kijana wangu. Nimekusoma mara mbili, na sentensi iliyonisimamisha ni ile ya risiti mbili kutoka kwa mpigo. Umeiandika kama jambo la kupita tu, lakini ndiyo iliyonipa jibu kabla hata sijafungua msimbo wako. Kama kerneli ingekuwa imeisahau thredi yako, mteja wa pili asingesaidia kitu. Angekuja wa tatu na wa kumi, na risiti zisingetoka. Thredi yako iliamka palepale ilipoitwa mara ya pili, kwa hiyo inasikia vizuri. Mwito wa kwanza ulipigwa ikiwa bado haijalala, na ilipolala mwito ulikuwa umeshapita.

Nianze na neno lenyewe la kulala, maana naona limekutisha. Thredi iliyolala haikai ndani ya prosesa ikila umeme polepole. Kwa kila kiini cha prosesa, kerneli ina orodha ya thredi zilizo tayari kufanya kazi, na mpanga zamu huchagua kutoka kwenye orodha hiyo peke yake. Thredi ikilala, inaondolewa humo. Inabaki kumbukumbu yake tu kwenye RAM: ilifikia wapi, ilikuwa na nini mkononi, na inasubiri nini. Ukiwa na thredi elfu moja zilizolala, mpanga zamu hazioni kabisa. Ndiyo sababu kwenye mashine yoyote yenye afya utakuta herufi S zimejaa. Hata simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa na kerneli ya Linux, na thredi zake nyingi sana muda huu zimelala. Zingekuwa zinazunguka zote, ungepanda daladala Posta na chaji kamili, ukafika Mbagala simu imezima.

Na zikilala zote, prosesa nayo inapumzika. Kwenye prosesa za aina ya kompyuta yako kuna amri inaitwa HLT, ambayo maana yake ni simama hapo mpaka ugutushwe. Kerneli ikikosa wa kumpa zamu, inaipa prosesa amri hiyo au nyingine ya aina yake inayozima sehemu nyingi zaidi. Hapo feni inanyamaza, na uniti za LUKU za mjomba haziishi ovyo. Kwa hiyo ushauri wa kuinyima thredi usingizi ulikuwa unaondoa kitu kizuri ulichokuwa nacho.

Swali la maana ni nani anaamsha. Thredi haijiamshi yenyewe. Kila kitu kinachoweza kusubiriwa, iwe data ya mtandao, diski, saa au kufuli (alama inayoruhusu thredi moja tu kwa wakati mmoja), kina foleni yake ya wanaosubiri. Pakiti ikifika kwenye kadi ya mtandao, kadi inaigutusha prosesa kwa intarapti, yaani ishara ya kuikatiza. Kerneli inapokea data, inakwenda kwenye foleni ya waliokuwa wakiisubiri, inabadilisha hali ya mmojawao kutoka kulala kuwa tayari, na kumrudisha kwenye orodha ya zamu. Kwenye programu yako mwamshaji si kadi ya mtandao, ni zile thredi saba. Oda ikiingia, mojawapo inaita `tukio.set()`, na hiyo ndiyo kengele ya thredi ya risiti.

Sasa twende Kariakoo, kwenye stoo nyuma ya duka. Kijana wa stoo anachungulia kaunta, haoni mteja. Anageuka, anatembea hatua tano, anajilaza juu ya maboksi. Anapotembea zile hatua tano mteja anaingia na kugonga kaunta mara moja. Kijana hajalala bado, kwa hiyo hakuna wa kuamshwa. Na kwa kuwa ameshachungulia, haangalii tena. Anajilaza akiamini duka ni tupu. Mteja amegonga, amehesabu kwamba amesikika, naye anasubiri kwa ustaarabu. Wote wawili wamefanya sawasawa na walivyoagizwa, na wote wamekwama, mpaka mteja mwingine aje agonge. Hapo kijana anashtuka, anatoka mbio, anakuta watu wawili. Anawahudumia wote kwa mpigo.

Huo ndio msimbo wako. Nimeukata ukabaki hivi:

    while True:
        if not oda:
            tukio.clear()
            tukio.wait()
        chapisha(oda.pop(0))

Zile hatua tano ziko kati ya `if not oda` na `tukio.clear()`. Thredi ya risiti inaona orodha tupu. Kabla haijafika mstari unaofuata, zamu inahamia kwa thredi ya kupokea, ambayo inaongeza oda na kuita `set()`. Zamu inarudi, thredi ya risiti inaendelea pale ilipoachia, na kitu cha kwanza inachofanya ni `clear()`: inaifuta kengele iliyokuwa imepigwa kwa ajili yake. Kisha inalala, na oda iko mezani. Pengo hilo ni dogo mno, sehemu ndogo sana ya sekunde, ndiyo maana asubuhi hulioni. Oda zikiwa nyingi mchana, nafasi ya moja kuangukia humo inaongezeka, ukapata mara mbili tatu kwa wiki.

Dawa ni kubadili mpangilio. Kijana afunge kamba mguuni kwanza, ncha nyingine iwe kaunta, kisha ndiyo achungulie kwa mara ya mwisho. Mteja akija kabla ya kuchungulia, ataonekana. Akija baada ya hapo, kamba itavuta. Hakuna nafasi ya tatu. Kwenye msimbo ni hivi:

    while True:
        tukio.clear()
        if not oda:
            tukio.wait()
            continue
        chapisha(oda.pop(0))

Sharti lake ni kwamba upande wa kupokea uongeze oda kwanza, ndipo uite `set()`. Wako unafanya hivyo tayari, uuache ulivyo.

Kerneli yenyewe inatumia mpangilio huo huo, na nakuomba uuangalie kwa karibu kwa sababu ukiuelewa utaacha kuishuku. Thredi inapotaka kulala ndani ya Linux, kwanza inajiandikisha kwenye foleni ya wanaosubiri. Pili inajitangaza kuwa imelala, ingawa bado inatembea. Ni herufi tu imebadilika kwenye kumbukumbu yake. Tatu inaangalia tena kama kile inachokisubiri kimeshafika. Ni baada ya hapo tu inapomwachia mpanga zamu aiondoe. Mwamshaji akipita katikati ya hatua hizo, anaikuta imeandikishwa, anageuza hali yake kuwa tayari. Thredi inapofika kwa mpanga zamu, mpanga zamu anasoma hali hiyo, anaona hii haijalala, anaiacha kwenye orodha. Mwito hauwezi kuanguka popote. Kuna hata kizuizi maalumu kati ya hatua ya pili na ya tatu, maana prosesa za kisasa hupanga upya kusoma na kuandika ili kuokoa muda, na bila kizuizi hicho hatua ya tatu ingeweza kuiruka ya pili.

Ukichungulia thredi yako kwa amri hii, `ps -eLo pid,tid,stat,wchan:30,comm`, utakuta safu moja ina jina lenye neno futex ndani yake. Hiyo ndiyo njia ambayo makufuli ya programu yanalala kwenye Linux, nayo ilibuniwa na Hubertus Franke, Rusty Russell na Matthew Kirkwood mwaka 2002. Uzuri wake ni huu: kufuli likiwa wazi, programu inalichukua bila kuisumbua kerneli kabisa. Likiwa limeshikwa, programu inaiambia kerneli: nilaze, ila kama tu namba iliyo hapa bado ni ileile niliyoiona. Kerneli inafunga mlango, inasoma namba upya, na ikiwa imebadilika inakataa kuilaza thredi na kuirudisha ikaangalie tena.

Usijione mjinga kwa kosa hili. Jerome Saltzer alilishughulikia kwenye tasnifu yake ya MIT mwaka 1966, miaka mitatu kabla Unix haijaanza, akapendekeza kila kazi iwe na alama ya "umeshaamshwa" ili ikifika kulala ikute alama imewekwa, igeuke. Mimi mwenyewe nimewahi kukesha siku tatu na kosa kama lako kwenye mfumo wa tiketi wa kampuni moja hapa mjini, nikibadilisha nyaya za mtandao zisizokuwa na kosa lolote. Hakuna aliyeniambia niangalie tiketi zinazotoka mbilimbili.

Uliandika pia, chini kabisa, kwamba mara moja programu ilikufa kwa kosa la kuchomoa kitu kwenye orodha tupu. Hiyo ni sura ya pili ya jambo hilohilo. Oda inaingia, thredi ya risiti iko macho, inaiona na kuichapisha kabla thredi ya kupokea haijafikia `set()`. Kisha thredi ya risiti inaona orodha tupu, inafuta kengele, inalala, na ndipo ile `set()` iliyochelewa inapiga. Inaamka, inakwenda moja kwa moja kuchukua oda ambayo haipo. Kumbuka siku zote kwamba kuamshwa si ushahidi kuwa kazi ipo. Ni sababu ya kuangalia tena. Ndiyo maana nimeweka `continue` pale. Kanuni ya POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, kuhusu thredi inaruhusu waziwazi thredi iamke bila sababu, na kila msimbo wa kusubiri unaoangalia kwa `if` mara moja badala ya kurudia kuangalia una deni ambalo siku moja litadaiwa.

Kuhusu marafiki zako. Wa kwanza alikosea, na feni imekujibu kabla yangu. Kwenye Python kuna madhara ya ziada: thredi zote hupokezana kufuli moja kubwa la mkalimani wa lugha, na thredi inayozunguka bila kusimama huliachia kila baada ya milisekunde 5 hivi, tena kama kuna mwingine anayelitaka. Kwa hiyo kila thredi ya kupokea oda ilikuwa ikiamka inakuta kufuli limeshikwa na mwenzake asiye na kazi. Ndiyo maana simu za wauzaji zikawa nzito. Sisemi kuzunguka ni haramu. Kerneli nayo huzunguka, lakini pale inapojua kufuli litaachiwa kabla hata muda wa kulala na kuamka haujaisha. Kumsubiri mteja wa Kariakoo hakuko hivyo.

Wa pili, wa `time.sleep(0.01)`, amekupa kitu kinachofanya kazi, na nitakuwa mkweli kwako: ukikiweka leo jioni, mjomba hataona risiti iliyokwama, na ucheleweshaji wa milisekunde 10 hakuna mtu atakayeuhisi. Gharama yake ni kwamba thredi itaamka mara 100 kwa sekunde, yaani mara 8,640,000 kwa siku, ikiwemo usiku kucha duka likiwa limefungwa, na karibu mara zote itakuta hakuna kitu. Prosesa haitapata usingizi mrefu hata siku moja. Kama kiraka cha siku mbili, sawa. Kama suluhisho, hapana.

Ninachokushauri hasa si hata ule mpangilio mpya wa mistari niliokuonyesha, ingawa ni sahihi. Nimeuonyesha ili uelewe. Kwenye duka tumia `queue.Queue`, iliyomo ndani ya Python tangu zamani. Thredi za kupokea ziite `oda.put(o)`, thredi ya risiti iite `oda.get()`, basi. Kuangalia na kulala vimefungwa ndani yake kwa kufuli moja, na waliouandika msimbo huo wameshaulipia kwa usingizi wao. Siku ukitaka thredi ya pili ya risiti hutabadilisha kitu, wakati msimbo wako wa sasa, ukiwa na thredi mbili za kuchapisha, ungezigombanisha juu ya oda moja. Zungushia `chapisha` kinga ya `try` inayoandika kosa kwenye faili, la sivyo karatasi ikiisha kwenye printa kosa moja litaiua thredi nzima, na safari hiyo haitaamka kweli.

Weka pia mistari hii miwili mwanzoni mwa programu:

    import faulthandler, signal
    faulthandler.register(signal.SIGUSR1, all_threads=True)

Ikikwama tena, usiizime. Andika `kill -USR1` na namba ya prosesi. Kila thredi itaonyesha mstari iliosimama. Ikiwa imesimama kwenye `get()`, inasubiri oda. Ikiwa ndani ya `chapisha`, tatizo ni printa. Ukiona thredi mbili, kila moja inasubiri kufuli lililoshikwa na mwenzake, hilo ni jambo jingine kabisa.

Sasa ile herufi D. Usingizi wa S ni wa mang'amung'amu: thredi inasubiri kitu, lakini ishara yoyote inayoihusu itaiamsha, ikiwemo kill. Usingizi wa D ni wa pono. Thredi iko katikati ya shughuli na kifaa, mara nyingi diski, na kerneli haitaki igutushwe nusu ya njia, kwa sababu inaweza kuwa imeshika makufuli au sehemu ya RAM ambayo diski bado inaiandikia. Ukipiga kill -9, kerneli haikudharau. Inaandika ombi lako pembeni, na thredi italisoma ikiamka. Tangu toleo 2.6.25 la mwaka 2008 kuna usingizi wa kati, usiosikia ishara nyingine ila ile ya kuua, na mfumo wa diski za mtandao wa NFS unautumia. Kwa hiyo siku nyingine kill -9 itafaulu na siku nyingine itagoma, kutegemea thredi ilikuwa imelala usingizi gani.

Ile 9 ya wastani wa mzigo nayo inatoka hapo. Watu wengi hudhani inahesabu wanaogombania prosesa. Kwenye Linux, tangu mwaka 1993, inahesabu pia waliolala D. Usiku wako una bakapu na thredi kadhaa za mfumo zinazosubiri diski ya mtandao. Zimesimama kwenye foleni, na foleni hiyo si ya prosesa. Bakapu ikiisha na namba ikashuka yenyewe, huna la kurekebisha.

Pa kuogopa ni pale D inapobaki hadi asubuhi. Angalia `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Ukikuta ujumbe kwamba kazi imezuiwa kwa zaidi ya sekunde 120, anza na waya na swichi ya kwenda kwenye ile diski, maana kwa diski ya mtandao mara nyingi hapo ndipo penye shida. Ukikuta makosa ya kusoma au kuandika yanayotaja diski ya ndani ya kompyuta yenyewe, acha kuizima na kuiwasha. Nakili hesabu za duka kwenye diski nyingine siku hiyohiyo, halafu ipeleke mashine kwa fundi unayemwamini akaipime kwa mkono; hilo haliwezi kutibiwa kwa maandishi.

Na yale makufuli mawili yanayosubiriana, ukiyaona baada ya kuhamia `Queue`, usiyapapase peke yako usiku. Chapisha yale matokeo ya `kill -USR1`, ukae nayo mezani na mtu aliyewahi kuandika programu za thredi nyingi, mchore kwa kalamu nani ameshika kufuli gani na nani analisubiri.